Mama Alipokula Hotelini

Enzi zetu sisi watoto wa Hail, Maskati, kula hotelini lilikuwa jambo la kusemwa kwa sauti ya chini. Hoteli, kwa lugha ya nyumbani kwetu, ni mkahawa wowote wenye meza na mpishi asiye ndugu yako. Wanaume walikwenda, hasa mabachela. Walisimamisha gari nje, wakapiga honi, na kijana wa Kihindi akawaletea chapati za mayai na chai ya maziwa dirishani. Sisi tuliwatazama kwa uchu mpaka mate yakatutoka. Lakini ukithubutu kumwambia mama yangu kwamba una hamu ya chapati ile, alikuuliza swali moja tu: "Kwani wewe huna mwenyewe?" Kwake yeye, anayekula hotelini ni mtu asiye na mama, asiye na mke, asiye hata na jirani wa kumpakulia.

Ndiyo maana kila tulikokwenda tulikwenda na chungu. Ijumaa tukienda pwani ya Qantab kuogelea, mama aliamka kabla ya adhana. Sufuria la wali wa nazi lilifungwa kanga mbili na blanketi, likapewa nafasi nzuri kwenye kiti cha nyuma, na sisi watoto tukabanana ubavuni mwake kama abiria wa daraja la chini. Tukifika, mama alifungua blanketi na mvuke bado unapanda. Kulikuwa na nguru wa kukaanga, achari ya ndimu, na mchanga uliopeperushwa na upepo ukaingia kwenye wali, nasi tukautafuna pamoja na wali wake. Mikono tulinawa baharini. Nikiwahadithia wanangu haya, hawaniulizi wali ulikuwa mtamu kiasi gani. Wananiuliza choo kilikuwa wapi.

Na bakuli la mtu halikurudi kwake tupu. Mnakumbuka nyinyi mliolelewa zama zile. Jirani akikuletea bamia, utalikosha bakuli lake, utaliweka juu ya friji, na litakaa hapo likikutazama mpaka upike kitu cha kulirudishia. Mama alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sala zetu. Bakuli la mtu likilala kwake siku nyingi, alikuwa hana raha, akilipita anaguna.

Baba yetu alifariki mimi bado nanyonya. Tulibaki mama, kaka yangu Nasri, na mimi Zuwena, kitinda mimba. Nasri alipomaliza shule, serikali ilimpeleka Marekani kusomea mambo ya mafuta, katika jimbo la Louisiana, huko kusini kwenye vinamasi. Alikaa miaka bila kurudi. Simu ilikuwa ghali na sauti ilichelewa kufika, kwa hiyo mama alipiga kelele na Nasri akapiga kelele, na kabla hawajasikilizana muda ulikuwa umekwisha. Sauti ya mwanawe ilikaa kwenye kanda za kaseti alizotutumia. Mama alizisikiliza akichambua mchele, na mahali Nasri alipokohoa aliirudisha nyuma, asikilize kikohozi hicho kina kifua ama hakina.

Kisha Nasri akamaliza masomo. Tukangoja atuambie anarudi lini. Badala yake akaanza kuzungumzia kampuni moja ya huko, kwamba wanampenda, kwamba wanamtaka. Mama hakugombana naye. Aliweka simu chini, akakunja mkeka, akasema: "Nnakwenda kumchukua mwanangu." Nami nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha shule, na kwa sababu hakuwa tayari kuacha mtoto mwengine nyuma.

Sanduku alilofunga mama sijaliona mfano wake mpaka leo. Nguo zetu zilikuwa chache, zimewekwa pembeni kwa adabu. Sanduku lenyewe lilikuwa la papa mkavu, kopo la samli, bizari, hiliki, ndimu kavu na kasha la halwa. Alikuwa amepanga kumpikia Nasri siku zote tutakazokuwa huko, maana mtoto akishakula chakula cha kwao atakumbuka kwao, na akikumbuka atarudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yake, na wala haikuwa mbaya. Ila alimsahau afisa wa forodha wa uwanja wa ndege. Papa mkavu, mnamjua, hana siri. Sanduku lilipofunguliwa, foleni nzima nyuma yetu ilirudi hatua.

"Mwambie ni chakula cha mtoto," mama aliniagiza.

Nikamwambia afisa. Akaniangalia, akamwangalia papa, akaomba radhi kwa heshima kubwa, na papa akaenda zake pamoja na samli. Bizari, ndimu na halwa vilipona. Mama alijiona anaingia nchi ya watu mikono mitupu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nasri alipokuja kumbusu mkono na kichwa pale nje, kitu cha kwanza alichomwambia baada ya miaka yote ile ni, "Wamenichukulia papa wako."

Basi tukafika, na Nasri hana jiko. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza na birika la umeme.

"Sasa wewe unakula wapi?" mama akauliza.

Nasri akatazama viatu vyake. "Hotelini, mama."

Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya mbao kando ya mfereji, miti imening'iniza majani ya kijivu kama ndevu. Mama alikataa kuteremka garini. Alisema atakula tende. Joto lilikuwa la Maskati kabisa, lile linalokupiga kifuani, na mimi nilikuwa na njaa, nikaanza kulia taratibu kisha nikalia kwa nguvu. Hakuteremka kwa ajili ya Nasri. Aliteremka kwa ajili yangu, akaniambia palepale kwamba nitamlipa huko mbele ya safari.

Mwenye hoteli aliitwa Odette, ajuza wa Kizungu mnene, mwenye nywele nyeupe na sauti ya kuitia mifugo. Mimi nilimwita Bi Odeti na hakuna aliyenikataza. Alituwekea meza nzima bila kutuuliza tunataka nini. Kwanza ulikuja uji mweupe wa mahindi, mzito, umepakuliwa na kamba juu yake. Mama akaubonyeza kwa kidole. "Huu ugali," akasema, "ila hawakumaliza kuusonga." Kisha wakaja wadudu wekundu wenye makoleo, kamba wa matopeni, wamechemshwa na pilipili. Mama akavuta buibui lake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hawa ni kamba ama ni nge?" Watu wa meza za jirani walikuwa wakiwavunja kwa mikono na kunyonya vichwa vyao, midomo imewawiva, wanacheka. Mama aliwatazama sana. Alipoona hapana aliyeshika uma, aliomba maji, akanawa, akakunja mkono wa nguo yake.

Hapo ndipo ulipoletwa mchuzi. Wao huuita gambo. Ulikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, ndani yake bamia, kaa na kamba, na wali umekaa katikati. Mama alimega wali, akauchovya, akautia mdomoni. Akamega tena. Mimi nikala wangu, nikamkumbuka bibi wa jirani yetu wa Hail na bamia zake, nikahisi kama nimerudi uani kwetu, nimekaa juu ya kibao cha mbuzi, nangojea kukwaruza ukoko. Sijui niseme nini zaidi. Nilikuwa mwisho wa dunia na mdomo wangu uko nyumbani.

"Hamna nguruwe humu?" mama akamuuliza Nasri.

"Hamna. Wa watu wengine wanatia soseji ya nguruwe. Wangu una chungu chake." Akamwomba Bi Odeti, naye akaenda jikoni, akarudi na kisufuria kidogo kimefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini wake. Nasri akatueleza. Alipofika mara ya kwanza, kila siku aliuliza kama chakula kina nguruwe, na kila siku akaondoka amekula wali mkavu. Bi Odeti akachoka kumwona hivyo. Akanunua kisufuria kipya, akakifunga kitambaa, akatangaza jikoni kwake kwamba mtu yeyote atakayetia mwiko wenye soseji ndani yake atafute kazi kwengine. Ndicho alichopikiwa Nasri peke yake, miaka yote ile.

Mama alikishika kile kisufuria, akakigeuza, akatazama chini kilivyoungua. Aliyemdhani anakula kimabachela, kumbe alikuwa anapikiwa. Nilimwona machoni furaha na wivu vimekaa pamoja, na wivu ulikuwa mkubwa zaidi.

"Mwambie," akaniambia, "siku yake ya mapumziko anipe jiko."

Nasri alijaribu kueleza kwamba huyu bibi haachi mtu kuingia jikoni kwake. Mama akasema, "Mwanangu amelishwa na mimi niondoke hivihivi? Nimrudishie bakuli tupu?" Nikafasiri kadiri nilivyoweza. Bi Odeti akanisikiliza, akavua aproni yake, akampa mama.

Siku hiyo mama alipika biriani ya kamba. Bi Odeti alivuta kiti akakaa mlangoni, akijifanya anapumzika, macho yake yanafuata kila kijiko cha bizari. Lugha hawakuwa nayo. Mama alipotaka kuonja, alidondosha masala kiganjani na kuyalamba, na Bi Odeti akapiga kelele ya furaha, akainuka, akatoa kiganja chake naye, maana ndivyo alivyoonja yeye. Baada ya hapo walipika wawili. Mama alimwonyesha ndimu kavu. Bi Odeti alimwonyesha namna ya kukaanga unga katika mafuta, taratibu, bila kuacha mwiko, mpaka uwe rangi ile ya kahawa. Sijapata kumwona mama akicheka na mtu mzima namna ile tangu nizaliwe.

Biriani ilipoiva, mama akasema anataka sahani kubwa ya kupakulia. Nasri akanyoosha mkono juu ya rafu, nyuma ya mitungi ya unga, bila hata kutazama, akaishusha. Kisha akafungua droo, akatoa kitambaa, akaifuta. Mama alisimama na mwiko mkononi. Mimi sikuelewa kilichotokea. Niliona tu kwamba hakucheka tena.

Tulikaa, tukaanza kula. Kisha Nasri akaanza, "Mama, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Usiniambie," mama akasema. "Nimekuona unavyochukua sahani. Mgeni haendi rafuni kwa watu."

"Mama, ukisema nirudi, nnarudi kesho. Wallahi."

"Nnajua. Ndiyo maana siwezi kusema." Akamtazama Nasri usoni, kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama alipoumwa. "Kaa, mwanangu. Kaa."

Mama akanigeukia mimi. "Mwambie Bi Odeti namuachia amana." Kiingereza changu cha shule hakikufika huko. Nikamwambia Bi Odeti kwamba mama anasema amtunze Nasri. Bi Odeti akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama, ulio bado na mafuta ya biriani, akasema ndiyo.

Nasri alikaa, na hakurudi kuishi tena Maskati. Alikuja Ramadhani nyingine, akaja na mke, akaja na watoto wanaosema Kiswahili cha kuhesabika. Mama alipotangulia mbele ya haki, tulimzika siku ile ile baada ya adhuhuri, kama desturi. Nasri alifika siku ya pili. Alikwenda makaburini peke yake na aliporudi hakula. Sikumlaumu, wala sikumlaumu mama. Lakini niliona bei ya lile neno, "kaa", ilivyokuwa, na mama aliijua tangu pale jikoni.

Siku hizi chakula cha Louisiana kipo hapahapa Maskati, Azaiba, barabarani kabisa. Wanangu walinipeleka. Unaletewa kamba ndani ya mfuko wa nailoni, wanamwagwa mezani juu ya karatasi, halafu unapewa glavu. Glavu, jamani, za kulia kwa mkono! Wanangu wakavaa kama madaktari wa upasuaji, wakapiga picha, chakula kikapoa. Nikawaambia gambo la kweli halipigwi picha, wakaniambia, "Sawa, mama," kwa ile sauti yao. Nilikula kwa mkono mtupu. Mchuzi ulikuwa na chumvi nyingi na haukuwa na mtu nyuma yake.

Binti yangu Asma hakuwepo. Yeye amemaliza masomo yake Uskochi, na uso wake nauona kila jioni kwenye simu. Najua amekula nini, amevaa nini, pazia lake lina rangi gani. Mama yangu hakuwa na hata robo ya hayo. Juzi Asma akanipigia saa ya kawaida, akaniambia wamempa kazi hukohuko, akauliza, "Nikubali, mama?" Akangoja, amenitolea macho kiooni.

Nikamwambia akae. Nilitabasamu, nikamwombea dua, nikamhimiza avae soksi nzito. Kisha nikasema mtandao unasumbua, nikazima simu, nikalia mpaka kanga ikalowa. Mama hakuwa na mtandao wa kusingizia. Alilisema neno lile mwanawe amekaa mbele yake, na akabaki palepale akimtazama.