Mistari Isiyokimbia Kidole

"Mama, mumeo yuko kaburini mwaka wa sita. Sasa nani anakuchapa miguu?"

Jirani aliniuliza hivyo nikianika nguo. Nikacheka. Nikamwambia ni mishipa tu.

Na ilikuwa mishipa kweli. Myembamba, ya zambarau, imetandaa mapajani kama utando wa buibui. Miaka thelathini ya kusimama kwenye pasi si mchezo.

Nesi wa zahanati alinibonyeza. Rangi ikapotea, ikarudi. "Hii inatibika, mama. Jeraha la kipigo ndilo halikimbii kidole."

Akanidunga dawa kwa kisindano chembamba, akanipa soksi ndefu za kubana.

Nilipopona, akaja binti yangu anachechemea. Miguu mistari mitupu.

"Nimekurithi, mama."

Nikamvisha soksi zangu. Nikamwekea mkono, nikamwombea.

Miezi miwili, jamani, nikimfichia mtu ukatili wake bila kujua.

Jumamosi moja mchana binti alikuja kunisaidia kupiga pasi. Joto likamzidi, akazivua zile soksi. Nikakumbuka kidole cha nesi. Nikabonyeza.

Mstari haukukimbia. Binti akapiga yowe.

"Waya?"

Akainamisha kichwa.

Hatujakaa sawa, mkwe huyu hapa mlangoni, waya umezungushwa kiganjani. Hata hodi hakupiga. Alimtandika binti mgongoni mpaka gauni likachanika. Nikaingia kati. Ngumi moja, meno yangu mawili sakafuni.

Akauinua waya tena.

Mungu anisamehe, sikusali kwanza. Pasi ilikuwa ya moto. Nikamgandamiza nayo mkononi, nikahesabu kama ninavyohesabu kwenye kola ngumu. Moja. Mbili. Tatu. Ngozi ikalia. Waya ukaanguka, naye akaanguka, anamwita mama yake.

Nikatema damu, nikamgeukia binti. Kwa nini alinidanganya?

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mama. Nilikuwa darasa la pili. Baba akikupiga, unatuambia ni mishipa."

Nikakaa chini.

Nesi alitibu mishipa yangu yote, isipokuwa mistari miwili nyuma ya goti. Nilimwambia nimezaliwa nayo. Na msibani nilisimama mbele za watu nikasema marehemu hakuwahi kuniinulia mkono.

Wanangu mnaosoma, uongo wa kumsitiri mume, binti yako anaushika mapema kuliko anavyoshika mwiko.

Wangu alizikunja zile soksi vizuri, akaniwekea mapajani. Akaokota waya. Akamruka mumewe pale chini, akashika njia ya polisi miguu wazi.