Mti wa Ulimi Nje

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi ndogo, nikadhani nimeajiriwa kupaka rangi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado hapa Kongo, kwenye kituo cha utafiti wa mimea nje ya Bukavu. Chef wa Maabara, yaani mkuu wake, mzungu mzee aliyepiga chafya kila mahindi yalipochanua, aliniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso.

"Mikono iko muzuri, hapana tetemeka," akasema. "Wewe itafungisha maua ndoa."

Mtaani Kadutu, nilikokaa na mke wangu Nsimire, habari hiyo ilifika kabla yangu. Majirani wakaniita Mshenga wa Maua, na wengine mpaka leo hawajui jina langu la ubatizo.

Nilianzia sehemu ya mahindi. Huko mshenga ni upepo. Chavua, yaani ule unga wa manjano ulio upande wa kiume wa ua, hupeperuka kutoka juu ya bua na kuangukia nywele za gunzi. Kila unywele ukipata chembe yake, punje moja inajaa. Ukiona gunzi lina mapengo, ujue kuna nywele ambazo hazikufikiwa. Baadaye nilihamishiwa maboga, ambako kazi hiyo ni ya nyuki, na kwenye miti ya uzio yenye maua mekundu ilikuwa ya ndege wadogo wenye midomo mirefu. Nilijifunza kuvisha ua mfuko wa karatasi ili mdudu asiliguse, kung'oa vijiti vyake vya chavua kwa koleo jembamba, kisha kulipaka unga niliouchagua mwenyewe. Ukikohoa tu umeharibu kazi ya asubuhi nzima.

Kituo changu cha tatu kilikuwa quinquina, mti ambao gome lake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Chef wa Sehemu hiyo alikuwa ametoka kwenye kahawa. Sasa, ua la kahawa yetu ya milimani hujitosheleza kwa chavua yake lenyewe, na yeye aliamini miti yote ina tabia hiyo. Juu ya kilima palikuwa na mti mmoja mzee, gome lake chungu kuliko yote, umezungukwa na mabinti zake waliooteshwa kutokana na vipande vya matawi yake. Kila mwaka ulichanua ukanukia mpaka barabarani, na kila mwaka haukutoa hata mbegu moja. Asubuhi moja Chef aliupaka msalaba mwekundu.

"Hii muti iko tasa. Inakula tu mbolea. Kata."

Neno lile lilinichoma, kwa sababu Jumapili iliyotangulia lilikuwa limetamkwa nyumbani kwangu. Baba mkubwa alishuka kutoka Walungu na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akanywa kidogo, akaniambia, "Mutoto wangu, myaka tano sasa. Bibi yako iko tasa. Kiisha mavuno ya maharagi tutamurudisha kwabo. Kuko binti moja kule Kabare."

"Muzee, tulifunga ndoa kwa padri."

"Padri yeye mwenyewe hazalake. Iko anajua nini?"

Nsimire alikuwa jikoni, alisikia yote. Kesho yake nilikuta nguo zake zimefungwa kwenye kitenge nyuma ya mlango, fundo limekazwa. Nami kwa woga wangu sikuuliza. Kila asubuhi nikienda kazini nilipita mbele ya fundo lile.

Kwa hiyo siku ya msalaba mwekundu sikushika shoka. Niliazima kioo cha kukuzia cha Chef wa Maabara, nikapanda ngazi. Kila ua la mti ule lilikuwa limetoa nje sehemu yake ya kike, ile inayopokea chavua, ambayo sisi wafanyakazi tuliiita ulimi. Vijiti vya chavua vilijificha ndani. Nikaangalia mabinti zake: wote ulimi nje. Nikakimbia kwa mzee wangu wa chafya. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Quinquina iko namna mbili! Kuko ya ulimi inje, kuko ya ulimi ndani. Moja inatafuta ingine. Na ndugu yake, hapana zala!"

Alimwomba mwenzake, Chef wa Sehemu, asubiri, naye akakubali shingo upande. Ng'ambo ya korongo nilipata mti wa ulimi ndani, mwembamba, haujaliwi na mtu. Kwa majuma mawili nilibeba unga wake kwenye kikopo, nikapaka ua baada ya ua, nikijisemea mambo ambayo nilipaswa kumwambia mke wangu.

Maharage yalipovunwa, mti ulikuwa umejaa vifuko vya mbegu. Chef wa Sehemu alipasua kimoja kwa ukucha, akaona mbegu zimepangana kama magamba ya samaki.

"Muti imepona," akasema.

"Haikukuwa mugonjwa, Chef."

Nikamwomba tawi moja. Jumapili hiyo baba mkubwa alifika na shangazi zangu wawili kumchukua Nsimire. Niliweka tawi mezani.

"Muti hii walisema iko tasa, walitaka kuikata," nikasema. "Haikukuwa na ubaya. Unga ya muti ingine tu njo ilikosa."

"Sasa ile inahusu bibi yako namna gani?"

"Muzee, mumemulaumu yeye tu. Mimi hakuna mutu aliniuliza. Pengine unga yangu njo haifai. Kama ni kurudisha mutu, munirudishe mimi."

Kwa mwanamume wa Bushi, nchi yetu sisi Washi, kutamka hivyo mbele ya shangazi zake, heri avuliwe suruali katikati ya soko la Kadutu. Jikoni kishindo cha kinu kilinyamaza. Baba mkubwa alimaliza kasiksi yake, akauliza habari za barabara, wakaondoka watatu kama walivyokuja. Hakuniita tena mutoto wangu mpaka alipokaribia kufa.

Asubuhi, nyuma ya mlango hapakuwa na fundo. Kitenge kilikuwa kwenye kamba, kimefuliwa. Nilisimama nikikitazama mpaka nikachelewa kazini.

Nilitumikia wakubwa weupe, kisha weusi, nikastaafu na brashi yangu. Mtoto hakuja. Kosa lilikuwa kwa nani hatukujua, wala hatukutafuta. Nilimpenda mwanamke yule, nampenda bado, naye anajua.

Sasa tuko Bagira, tuna marakuja, yaani pasheni, kwenye uzio. Nyuki weusi wakubwa wakipungua, Nsimire hupaka maua yeye mwenyewe, maana macho yangu yamechoka. Juzi mke wa jirani alikuja akilia. Ameolewa miaka miwili, hana mimba, mama mkwe amekwisha kulitamka lile neno. Nsimire alimketisha, akamwacha alie mpaka atosheke.

"Na bwana yako," akamwuliza, brashi ingali mkononi, "kuko mutu alimuuliza?"