Pikapu Iliyokataa Bokoli

Mimi siamini mambo ya mizimu, na nalisema hili mapema ili mtu asije akaniletea maombi nyumbani. Mimi ni mwanamke wa viazi. Nanunua Kapsokwony, nauza Kamukuywa na Kitale, na nikichoka nalala. Lakini pikapu ya marehemu mume wangu ilianza kuvuta kushoto siku ile tulipompeleka kwao kumzika, na kwa miaka miwili nilikataa katakata isitengenezwe. Sasa mtu anieleze, hapo imani yangu ilikuwa wapi?

Alikuwa amesema azikwe Kitale. Tulikuwa tunapanda maharagwe katika shamba dogo tulilonunua pamoja, akanyoosha mgongo, akacheka. "Nikifa nizikeni hapo kando ya tangi la maji, niendelee kukusikia ukigombana na kuku." Nilimrushia bonge la udongo. Baadaye ugonjwa ulikuja kwa haraka, haukumpa nafasi ya kurudia maneno yale.

Katika mkutano wa mazishi niliyasema mbele ya wazee wa ukoo. Shemeji, mdogo wake marehemu, alinijibu kwa upole, "Shemeji, huo ulikuwa mzaha. Mwanamume anazikwa kwao." Mama mkwe hakubishana na mtu. Alilia tu, akitaka mtoto wake alale karibu na baba yake kule Bokoli. Nami nikaanza kujiuliza: si kweli alikuwa anacheka? Basi nilishindwa, wakamchukua.

Alibebwa na pikapu yake mwenyewe, shemeji akiendesha, mimi nimekaa kando yake, jeneza nyuma na waombolezaji wanaimba. Pale Kamukuywa palikuwa na jiwe kubwa barabarani. Dereva fulani wa lori alikuwa ameliweka kuzuia gari lake lilipoharibika, kisha akaenda zake akaliacha. Gurudumu la mbele la kushoto likaligonga, paa! Injini ikazima, ikakataa kuwaka.

Nyimbo zikanyamaza. Huku kwetu gari likikwama na maiti, hakuna anayekimbilia kufungua boneti. Mzee mmoja alishuka, akaweka kiganja juu ya jeneza, akazungumza na mume wangu jinsi unavyozungumza na kijana aliyenuna. "Tunakupeleka nyumbani. Usituaibishe njiani. Twende." Shemeji akazungusha ufunguo, ikawaka mara moja. Ila tangu hapo usukani ulikuwa unavuta kushoto, na Bokoli, ukitoka Kitale, iko kulia.

"Umeona?" nilimwambia shemeji. Alikaza macho barabarani.

Mama mkwe ndiye aliyenitonesha zaidi. Mwanzoni nilimweleza kwamba mwanawe anaikataa Bokoli, na sifichi, nilitaka imuume. Aliwaza kidogo, bibi yule, akaniambia, "Na ukirudi Kitale, Bokoli si inakuwa kushoto kwako? Basi akija huku anakataa, akienda kule anakataa. Mtoto wangu hana pa kukaa." Nilirudi na maneno hayo hadi nyumbani.

Ajabu ni kwamba kila nilipomtembelea alitaka nimpakie. Alipanda kiti cha kushoto kwa taabu, kitambaa kichwani, magoti yakilia, na nilipofika njia ya murramu, ile ya udongo mwekundu nje ya boma, alinyoosha mkono akagusa usukani. Nikilegeza, usukani ulijizungusha wenyewe kuelekea kwake. "Ehe! Ona nguvu zake!" alikuwa akisema, akicheka na yale meno machache aliyobaki nayo. Mtu huyo huyo aliyelia kwamba mwanawe anahangaika. Tulienda hadi kwenye kanisa, tukageuza.

Mimi nami nilikuwa nazungumza na mume wangu nikiwa peke yangu. "Nimekusikia bana, niache nipite." Siku nyingine nilimfokea hadi watu wa bodaboda wakanigeukia. Lakini chini ya kelele zote hizo nilikuwa na swali moja, na lilininyima raha: je, amenikasirikia kwa kumwachilia alazwe mahali ambapo hakupataka? Hakuna mtu mwingine wa kuulizwa. Niliona nikiitengeneza ile pikapu, nitakuwa nimemkata ulimi.

Tairi la kushoto lililika upande wa ndani hadi nyuzi zikaonekana. Nikanunua lingine, nalo likalika. Binti yangu alikuwa akinigombeza, "Mama, hii gari itakuua." Nikamwambia haiwezi, ni ya baba yako. Jibu la kijinga, na nililijua.

Kisha siku moja nikashuka kutoka Kapsokwony na mzigo wa viazi, mvua imenyesha, mteremko unateleza. Mbele yangu kando ya barabara kulikuwa na pikipiki imembeba mama na mtoto mgongoni. Nilipokanyaga breki, pikapu ikaruka kushoto, ikawafuata. Nilivuta usukani kwa mikono yote miwili hadi bega likalia, nikawapita kwa upana wa kiganja. Yule mama hata hakujua. Mtoto alikuwa amegeuza uso ananitazama. Nilisimama huko mbele, nikasema kwa sauti, "Hapana. Hapo sasa umezidi." Wafu wana haki zao, lakini mtoto yule alikuwa hai.

Fundi wangu yuko Kitale, mtu wa makamo, mkimya, mshirika wa kanisa letu. Alipiga jeki, akalala chini, akaniita nione. Kuna bolti ndefu inayoshikilia mkono wa chuma wa gurudumu, na kichwani ina kisahani. Ukiizungusha, gurudumu linasogea ndani au nje, na hivyo ndivyo gari hunyooshwa. Yangu ilikuwa imepinda, na kutu ilikuwa imeigandisha ndani ya bushi, kile kikombe cha chuma na mpira inamopita, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Alimimina dizeli, akagonga, akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akaning'inia juu yake. Haikucheza.

Akajifuta mikono, akaanza kutazama pembeni. "Mama, samahani. Hii gari ilibeba nani?"

"Ilibeba viazi."

"Kabla ya viazi."

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole. "Mimi si mganga, unanijua. Lakini sitaki kuichoma na gesi kama mwenyewe bado ameshikilia. Ongea naye kidogo. Mimi wacha nikanywe chai."

"Fundi, hiyo ni kutu!"

"Si hata mimi naona ni kutu," akajibu, akaenda.

Nikabaki. Nilijiona mpumbavu, mwanamke mzima nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, natazama gurudumu. Nikaanza na habari za nyumbani, maana ndivyo tulivyokuwa tukianza kila mara. Nikamwambia tangi linavuja. Nikamwambia kuku wote waliibwa isipokuwa yule mbaya. Halafu nikamuuliza, "Wewe, siku ile ulikuwa unacheka au ulikuwa unasema kweli? Niambie tu. Mimi nilisema mbele yao wote, wakanishinda." Machozi yakanitoka na sikuyafuta. "Umenikasirikia?"

Hakuna kilichojibu. Katika karakana ya jirani walikuwa wanagongagonga mabati. Nikamwambia, "Basi achilia. Kuna mtoto karibu aumie. Achilia, mume wangu."

Fundi akarudi, akawasha gesi, akachoma hadi chuma kikawa chekundu. Mpira wa bushi ukaungua, moshi mweusi ukatufukuza sote wawili. Akagonga tena. Wapi! Mwishowe alichukua grenda akaikata bolti pande zote mbili, cheche zikiruka hadi miguuni kwangu, ndipo ikaanguka vipande.

Fundi akaona haya kwa ajili yangu. "Alikuwa mbishi?"

"Sana," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikacheka kwa sababu yake.

Akaweka bolti mpya na bushi mpya, akanyoosha magurudumu. Pikapu ikaenda moja kwa moja kama uzi. Wiki hiyo hiyo nilimpelekea mama mkwe unga. Kufika Kamukuywa, pale palipokuwa na jiwe, nilisubiri avute. Hakuvuta. Nilikuwa bado nasubiri honi ya lori ilipolia usoni kwangu. Nilikuwa nimehamia upande wa pili wa barabara! Nikajirudisha, nikasimama kando. Nikaitazama mikono yangu kwenye usukani. Ilikuwa imekaza kuelekea kulia, imezoea kushindana na mtu, na yule mtu ameshaachilia. Nililia pale hadi muuza ndizi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Kufika Bokoli, mama mkwe alikuwa amesikia mlio wa pikapu, ameshatoka na kitambaa chake. Hakungoja salamu ziishe. "Nipakie, mama watoto."

Ningemwambiaje? Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kitale: Mama, ilikuwa bolti, imepinda kwa lile jiwe, imekatwa. Nilimsaidia kupanda. Kaburi liko pale kando ya lango, saruji yake imeanza kuota ukungu, na alilisalimu kwa mkono tulipolipita, jinsi anavyofanya siku zote. Tukaingia njia ya murramu. Akanyoosha mkono wake uliokunjamana, akaugusa usukani.

Pikapu ilinyooka. Nilimwona akisubiri. Uso wake ukaanza kulegea, midomo ikafunguka kidogo, na nilijua anakaribia kufiwa na mtoto wake mara ya pili. Basi nikavuta. Kidogo tu, kushoto, kuelekea alikokaa.

Hakushangilia kama zamani. Alinitazama mimi, si barabara. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akaubana, akavuta naye.

"Nguvu zake," akasema polepole.

"Ndiyo, Mama."

Tulienda hivyo hadi kwenye kanisa, sote wawili tukimvuta upande wa mama yake, na mimi sikumrudisha kwangu.