Kinu cha Mokami

Ukitaka kumkasirisha Mokami, mwambie kaseti zake zina kelele. Mimi nilimwambia siku ya kwanza tulipokutana, shikamoo yangu ikiwa bado haijapoa. "Kelele ni wewe, mura!" akanijibu, kama Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume, na vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria ng'ambo ya barabara wakageuka kututazama. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Tulikuwa tukikutana Jumapili alasiri dukani kwa Athuman, hapa Nyamongo. Zamani Athuman aliuza kaseti. Siku hizi anawajazia watu nyimbo kwenye flashi na simu, na ana kompyuta anayoifunika kitambaa ili vumbi la barabarani lisiiguse. Wateja wake wa Jumapili tulikuwa wapenzi wa litungu, kile kinanda cha Wakurya cha nyuzi nane ambacho ukikisikia vizuri kinakunguruma tumboni kabla hakijafika masikioni. Na hatukuwa na jambo kubwa zaidi la kugombania kuliko hili: nyimbo za zamani zisafishwe, au ziachwe zilivyo?

Athuman alikuwa mtu wa kusafisha. Anautoa wimbo kwenye kaseti, anauingiza kwenye kompyuta, anafuta mikwaruzo na mivumo, anainua sauti ya mwimbaji. Mimi nilikuwa upande wake. Emanueli, dereva wa lori la mawe, alisema nyimbo hizo zimeoshwa mpaka zimepoteza chumvi, na kwamba sisi tuna masikio ya redio za Sirari kule mpakani. Tulishawahi kununiana mwezi mzima kwa ajili ya wimbo mmoja.

Mokami, au Mama Rhobi kama Athuman alivyomwita, hakununa, yeye aligomba. Alikuwa na sanduku zima la kaseti, lakini aliyoionea wivu ilikuwa moja tu, aliyoirekodi mwenyewe wakati wa ujana wake, miaka dhahabu ilipowatoa watu kila kona, kabla mgodi mkubwa haujajengewa ukuta. Wakati huo alikuwa akitwanga mawe Nyangoto. Wanaume waliingia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, wakapandisha mawe. Wanawake wakayaponda kwenye vinu vya chuma mpaka yawe unga wa kuoshwa. Mawe magumu walitwanga wawili wawili kwenye kinu kimoja, kwa kupokezana: mchi huu ukipanda, ule unashuka. Mwenzake Mokami alikuwa Waisiko. Walitwanga pamoja miaka mingi, na kila aliyewajua anasema hawakuwahi kugonganisha michi.

Fedha yake ya kwanza ya maana Mokami alinunulia redio kaseti. Watu walimcheka, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa bado ya turubai. Siku moja akaja mpiga litungu aitwaye Mwikwabe kuwaburudisha wachimbaji. Mokami akaiweka redio juu ya jiwe, akabonyeza, kisha akarudi kwenye kinu maana mwenye mawe alikuwa anamtazama. Mwikwabe aliimba habari za mtu aliyeuza dume lake ili apate sehemu kwenye duara. Mokami na Waisiko walitwanga. Katikati ya wimbo, Mwikwabe alinyamaza na litungu lake, akawasikiliza, akawaachia nafasi, kisha akaendelea. Akafanya hivyo tena na tena mpaka mwisho.

"Alituimbisha," Mokami alizoea kusema. "Sisi tulikuwa ndani ya wimbo."

Msimu wa mvua uliofuata, mdomo wa duara ulikatika ukaondoka na Waisiko. Hakuacha picha. Mokami akavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikivunjwa haiwezekani tena kurekodi juu yake, akaiweka chini ya sanduku. Hakumwazima mtu. Ukitaka kuusikia ule wimbo unaenda kwake, unakaa, unanyamaza.

Ila utepe nao unazeeka. Ulipoanza kuvuta sauti, Mokami alikubali shingo upande kumpelekea Athuman auhamishie kwenye kompyuta. "Uutoe kama ulivyo," alimwambia. Athuman akaitikia. Lakini Athuman ni fundi, na fundi akipewa kitu kibovu hawezi kukirudisha kikiwa kibovu. Akakaa na ule wimbo siku kadhaa, akafuta vishindo vyote, kimoja kimoja. Kisha akafanya alichokuwa akiwafanyia wateja tangu enzi za kaseti: haikutoka kaseti dukani kwake bila wimbo mzuri ndani. Akaziba vile vitundu viwili kwa karatasi, akarekodi wimbo safi juu ya kaseti ileile. Na kwenye kompyuta, alipohifadhi nakala mpya, ya zamani aliifuta.

Jumapili ile alituwekea kwenye spika kubwa, uso umemng'aa. Nitasema kweli, litungu lilikuwa tamu mno. Kisha Mwikwabe akanyamaza, na spika nayo ikanyamaza. Kimya. Akaendelea, akanyamaza tena. Kimya.

"Anameza mate," nikasema, nikijiona mjuzi.

Mokami alikuwa amesimama. "Tuko wapi?"

"Nani, Mama Rhobi?" Athuman akauliza.

"Mimi na Waisiko. Tuko wapi, Athuman?"

Akaichukua kaseti, akapitisha kidole gumba mgongoni, akakuta karatasi. Hakugomba. Hapo ndipo nilipoogopa. Athuman naye alielewa taratibu, nikaona uso wake unavyozeeka. "Wallahi nilitaka kukufurahisha," akasema. Emanueli, aliyekuwa ameshinda ubishi wa miaka yote, hakuthubutu kutamba.

Mokami akatoka. Tukadhani ameenda moja kwa moja. Baadaye kidogo bodaboda ikasimama mlangoni, Mokami nyuma, na mbele ya dereva, juu ya tangi, kile kinu chake cha zamani cha chuma, ambacho siku hizi alikuwa akiwanyweshea kuku maji. Mchi alikuwa ameukumbatia.

"Leteni mawe," akasema.

Emanueli alienda kuyachukua kwenye lori lake. Mokami akaketi kwenye kigoda, akatanua miguu, kinu katikati, akakunja mikono ya gauni. "Weka wimbo. Na uchukue sauti, usinisafishe."

Athuman akaweka. Mwanzoni Mokami hakupiga, alisikiliza tu akitikisa kichwa, bibi mwenye wajukuu na goti bovu. Kisha mchi ukapanda ukashuka, na chini ya litungu kukaingia kitu kizito, kama mlango wa nyumba umefunguliwa na mwenye nyumba. Sauti ya Mwikwabe, niliyodhani naijua, ikageuka. Ikawa inaegemea. Ilipofika pale anaponyamaza, hakuwa tena mtu anayemeza mate. Alikuwa mtu anayesubiri kuitikiwa, na Mokami akamwitikia, mahali penyewe hasa, baada ya miaka yote ile. Nilisisimka mwili mzima. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama, na hakuna aliyewaambia wasimame.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kila baada ya pigo lake, Mokami aliinua mchi na kuacha nafasi. Pigo, kimya. Pigo, kimya. Angeweza kuzijaza zamu zote mbili, mikono ilikuwa na nguvu.

Wimbo ulipoisha Athuman alijifuta macho kwa kile kitambaa cha kompyuta. Kisha, maana fundi ni fundi, akasema kwa upole, "Mama Rhobi, naweza kulichukua pigo lako, nikalinakili pale palipobaki wazi. Hakuna atakayejua. Litakuwa kama zamani."

Mokami alikuwa anapuliza vumbi la mawe kwenye vidole vyake.

"Pale ni pa Waisiko," akasema. "Umeshamtoa mara moja. Paache wazi."

Athuman akaondoa mkono kwenye kompyuta. Akamwomba Mokami kaseti, akazitoa zile karatasi, kisha akakumbuka kwamba vitundu vikiwa wazi hairekodi, akazirudisha kwanza ili arekodi. Sisi tukangoja, wimbo ukapita tena wote na nafasi zake. Ulipokwisha akazitoa zile karatasi mwenyewe akazitupa ndani ya kinu, akampa Mokami kaseti yake kwa mikono miwili.

Mokami alipitisha kidole gumba mgongoni, akakuta vitundu viko wazi, akaitia kaseti kifuani.