Tulivyopika Kalibu kwenye Sufuria ya Mama Vidya

Wakuu, nimewahi kutimuliwa jikoni kwa mwiko, kosa langu kupika chuma.

Sijakosea kuandika. Chuma. Kwenye sufuria, na mfuniko juu.

Ilikuwa mwaka tisini na saba, mtaani Mchafukoge. Biashara zimeshafunguliwa, Kariakoo imejaa bidhaa za kila nchi, na feki zinafika sokoni kabla ya orijino.

Mimi, Gaudens, nilikuwa fundi mashine kwa mzee Chandu, mtengeneza mihuri. Siku moja akaingia Bi Saadiya, muuza mafuta ya nywele, amefura.

"Mzee Chandu, kuna washenzi wanajaza mafuta ya chipsi kwenye chupa kama zangu! Jana mteja kanifuata, kichwa kinanukia kuku. Nataka stika zinazowaka rangi za upinde wa mvua, wasizoweza kuiga. Wiki tatu zikipita sijazipata, naagiza Dubai."

Chandu alikuwa ameuza pikapu yake akaagiza mashine ya stika hizo toka Bombay, na ilikuwa imeshafika. Dili hili likifa, na sisi tumekufa.

Kazi yenyewe: plastiki ya rangi ya fedha inapashwa moto, inagandamizwa kwenye kalibu. Kalibu ni kisahani chembamba cha chuma chenye mistari midogo mno. Mistari hiyo ikihamia kwenye plastiki, mwanga unagawanyika, rangi zinatokea.

Kubandua sasa!

Plastiki iling'ang'ania kalibu kama kupe. Ukivuta inachanika, vipande vinabaki kwenye mistari.

Nikajifanya mjuaji. Nikapaka mafuta ya nazi, kama mtu anayetaka kuchoma vitumbua. Stika ikatoka kiulaini, safi kabisa!

Ila haina hata rangi moja. Imekuwa kama bati jipya.

"Gaudens," Chandu akaniuliza taratibu, "upinde wa mvua umeupeleka wapi?"

Tukapanda kwa mwalimu Celina, mpangaji wa ghorofa ya juu, anafundisha kemia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Unywele wako mmoja unafunika mistari zaidi ya hamsini. Wewe umemwaga mafuta, mitaro yote imejaa. Plastiki itachukua umbo gani? Hapo inatakiwa ngozi ya dawa isiyoshika, nyembamba kuliko kina cha huo mtaro. Haipakwi kwa kidole, inapakwa kwa mvuke. Hamkuletewa chupa ndogo pamoja na mashine?"

Ilikuwepo kwenye boksi. Chandu alidhani ni sampuli ya gundi.

Celina akasoma maelezo. Safisha kalibu, ikauke. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko na matone ya dawa, pasha moto kidogo. Mvuke utajipanga juu ya chuma tabaka moja tu, na plastiki haitapata pa kushika.

Jiko lilikuwa kwa Chandu, mkewe, Mama Vidya, kaenda hekaluni. Tukafungua madirisha yote, tukasimama mbali, tunasubiri.

Mama Vidya akarudi mapema.

"Chandu, unapika nini?"

"Chuma."

"Kwenye sufuria aliyonipa mama siku ya harusi?"

"Na isitumike tena kwa chakula, mama," Celina akaongeza, kwa nia njema kabisa.

Mwiko ulinipata mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na mlango.

Lakini kesho yake nilipovuta plastiki, ilijiachia yenyewe. Nzima. Nikaigeuza kwenye jua, rangi zikamwagika ukutani. Chandu alilia, nami nikajifanya sioni.

Tukakabidhi mzigo. Siku ya tatu Bi Saadiya akarudi na kapu la chupa.

"Stika zenu zinadondoka kwenye chupa!"

Yaani siku zote hizo tulihangaika kitu kisigande, sasa kimegoma kuganda! Chandu akashika kichwa. "Dawa imehamia nyuma ya stika!" Tukaongeza gundi. Wapi! Celina mwenyewe akakwama.

Mama Vidya, aliyekuwa hajatusemesha tangu siku ile, akachukua chupa, akaipitishia kidole.

"Hii inateleza mafuta. Bindi, hiki kidoti chetu cha kubandika, ukiiweka kwenye paji lenye mafuta inakaa? Futeni chupa kwa spiriti kwanza."

Tukafuta. Zikashika mpaka leo nadhani.

Mzee Chandu alimnunulia sufuria mbili, akampa na ufunguo wa ofisi, aje kutukagua anapotaka. Mimi nilichojifunza ni kimoja: ukikwama, usipande kwa msomi tu. Muulize na yule uliyemharibia sufuria, ila omba radhi kwanza.