Babu Aliandikia Dunguni

Nani kakwambia mie nimeichezea bahati? Hapana, mdogo wangu, hilo silipokei. Juzi umeshuka kwenye boti na mkoba wako wa Dar, matope ya Salale hayajakukauka miguuni, ushaniambia, "Braza, mjukuu wa mtu anayesomwa mashuleni, unashinda shambani unafukuza ndege?" Nilinyamaza kwa sababu bibi alikuwa anakula. Leo nakujibu.

Mie shule niliishia la saba. Vitabu vya babu nimejisomea mwenyewe, neno kwa neno, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tunagombana. Lakini nakumbuka mwaka mmoja, wewe ungali mdogo, mpunga umeanza kujaza maziwa. Wakati huo ndege kwelea wanakuja kama moshi, na zamu ya kuamia, kuwafukuza, ilikuwa yangu. Nikapigiwa simu kutoka Kibiti: kuna hafla ya kumkumbuka babu, mjukuu anatakiwa kiti cha mbele.

Kichwa kikavimba. Bibi goti linamuuma, hawezi kupanda dungu, kile kibanda chetu cha juu ya miti. Nikajisemea, siku moja tu. Nikadandia boti ya alfajiri, nikaiacha kamba ya makopo ya kutishia ndege inaning'inia.

Kibiti nilipigwa picha mpaka macho yakauma. Mzee mmoja akanishika mkono: "Na wewe unaandika nini, mjukuu wetu?"

"Kuna kitu nakiandaa, mzee."

Uongo mtupu. Hata kalamu sikuwa nayo.

Kesho yake narudi, shamba limesimama vizuri tu, ila ukiminya suke linatoa hewa. Karibu nusu ya chakula chetu cha mwaka. Bibi nimemkuta chini ya dungu, kakaa matopeni na sufuria na mwiko. Alikuwa amegonga tangu jana, sufuria imepinda.

Hakufoka.

"Wamekusifu?"

"Wamenisifu, bibi."

"Haya. Zibandike jikoni hizo sifa, tule."

Kisha akanionyesha juu. "Babu yako vitabu vyake kaviandikia hapo. Kalamu mkono huu, kamba ya makopo mkono huu. Ukiona maneno yamekatika ghafla, kaanza mengine, ujue ndege walitua."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Mwaka ule tulikula ugali wa muhogo mpaka tukauchoka, na nyumba nzima hakuna aliyenisema. Hapo ndipo paliponichoma.

Tangu siku hiyo vitabu vya babu navisomea kulekule juu. Nikifika pale maneno yanapokatika, navuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka, naendelea. Sijaona raha kama ile kwenye kiti chochote cha mbele.

Basi sikiliza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na cha babu ni hivyohivyo. Jina lake ni kama kanzu ya Ijumaa: lifue, litunze, mtu asilichafue ukakaa kimya. Lakini matopeni ingia na mwili wako. Mungu akujalie riziki ya mikono yako, na akupe watu wa kukuhitaji hata pale usipojulikana na mtu.

Mpunga umejaza maziwa, goti la bibi bado lilelile, na zamu ya leo ulipewa wewe. Wewe uko hapa unanitazama mdomo. Dunguni yuko nani?