Kitabu Alichokinywa Usi

Usi Mcha wa Makunduchi alikuwa mkulima wa muhogo, na kwa miaka mitatu alikuwa akiandika hadithi. Mimi ni binamu yake, kwa hiyo niacheni niseme kwa hasira zangu.

Skuli hakwenda. Alisoma chuo cha Kurani, akajua hati za Kiarabu tu, na kwa hati hizo akaandika Kiswahili chake, kwa wino wa masizi aliouchanganya mwenyewe: kisa cha mwizi wa karafuu aliyempenda binti wa mwenye shamba. Mwaka 1954 alikwenda mjini, mimi nikimsindikiza, kwa Mwalim Matar, ambaye hadithi zake zilikuwa zimeshapigwa chapa. Mwalim alisoma kurasa mbili, akacheka pale hasa pa kuchekwa.

"Maliza," akamwambia. "Na kabla hujamaliza usimwambie mtu, hata wa nyumbani kwako. Hadithi ikishasemwa kwa mdomo, mkono hauiandiki tena. Ukimaliza niletee, ntaipeleka mwenyewe kwa wapiga chapa."

Ushauri mzuri, kwa mtu anayeishi peke yake! Usi aliishi na mama yake, Bi Mwanakheri, asiyejua herufi hata moja. Aliandika kwa siri, akazifunga kurasa kwa kitambaa cheupe na kuziweka kando ya msahafu, mahali pasipoguswa ovyo. Wiki aliyomaliza, kabla hajapata gari ya kwenda mjini, homa ikamwangusha.

Siku ya sita akawa hatambui mtu. Bi Mwanakheri akapeleka mtu kwa sheikh kuomba kombe, yale maneno ya Mungu yanayoandikwa, yakakoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Sheikh alikuwa Pemba. Mama akageuka, akaliona furushi jeupe kando ya msahafu, akalifungua. Hati zile zile za msahafu. Alilia kwa furaha, maskini. Alizikosha kurasa zote kwa maji na marashi mpaka wino ukatoka, akamnywesha mwanawe siku mbili.

Usi akapona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Mama, ziko wapi karatasi zangu?"

"Nshakunywesha, baba. Zote. Huoni ulivyoinuka?"

Nilifungua mdomo niseme. Usi akanibana mkono. Alimtazama mama yake, aliyevimba macho kwa kukesha, akasema, "Ahsante, mama."

Nilimsihi aanze upya. Akaniambia hata majina ya watu wake yamemtoka.

Haikupita wiki, jirani yetu Bi Wanu akaja na mtoto anachemka homa. Bi Mwanakheri akamwekea Usi karatasi na wino.

"Andika, mwanangu. Maneno yako yana baraka. Andika kama yale yale."

Miaka yote ile hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwambia aandike. Usi alichovya kalamu, akakaa nayo mkononi mpaka wino ukadondoka mkekani. Mtoto akalia.

Akaandika Alhamdu, sura ya kwanza ya msahafu. Mpaka leo anaandika hiyo hiyo, kwa watoto wa kijiji kizima, na hadithi hajaandika tena.